Bei ya Landrova ya Baba Yenu

Jumanne, tarehe kumi na moja mwezi wa tatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ndipo mambo yalipobadilika katika boma hili. Baba yenu alikuwa ametoka kuiwasha Landrova ipate joto kabla ya kupeleka maziwa, kama alivyofanya kila asubuhi tangu aitwe mwenye gari, nami nilikuwa jikoni namimina chai, naisikia injini bila kuisikiliza, jinsi mtu anavyosikia mvua juu ya mabati. Nilikuwa nangoja gia. Mnaijua ile sauti, ule mkwaruzo mfupi wa gia ya kwanza ambao yeye aliuita kikohozi cha mzee, halafu mngurumo unabadilika na gari linaanza kusonga. Nikangoja. Chai ikafurika kikombe. Injini ikaendelea kunguruma pale pale, haipandi, haishuki, na kabla sijafika mlangoni nilikuwa nimeshajua kwamba Kosgei wangu hatatia gia tena. Nilimkuta ameinamia usukani kama mtu anayesali. Mimi ndiye niliyeugeuza ule ufunguo kuizima, kwa mkono huu ambao haukuwa umeugusa hata siku moja, na kimya kilichofuata hakijatoka ndani ya nyumba hii hadi leo.

Sogeeni basi, wanangu, msikie vizuri, maana sauti yangu imekuwa ndogo na sitaki kurudia. Kiprugut, wewe mkubwa, kaa kwenye kiti cha baba yako. Cheruto, nishike mkono. Levis, acha mlango wazi niione Landrova pale uwanjani. Wala msinitazame hivyo, sikuwaita mje mlie. Daktari wa Nakuru alisema moyo wangu umechoka na nisiuchangamshe, kana kwamba furaha ni chumvi ambayo mgonjwa hupunguziwa. Lakini tangu jana moyo huu unadunda kama wa msichana anayesikia nyimbo za harusi ng'ambo ya mto, nami sina nia ya kuuzuia. Ninaondoka, hilo hata kuku wa hapa wanalijua. Ila nataka niondoke jambo moja likiwa limekamilika, nalo ni bei ya gari lile.

Jana tulimwambia Mzee Hiram Muiruri laki nane na nusu, akakubali, tukashikana mikono, na bintiye Wachuka akatuma nusu ya pesa kwa simu ya Cheruto kabla hata hawajafika kwao. Leo asubuhi tukinywa uji, simu ya Kiprugut ikalia. Dalali mmoja akasema ana mtu wa kambi ya watalii huko Naivasha anayetaka Landrova ya zamani ya kubebea wageni, na kwamba atatoa milioni moja na laki nne bila kuuliza neno. Nilikuona, mwanangu. Ulikiweka kijiko chini polepole kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, ukaniambia, "Mama, na ya Hiram si tulikuwa tunaongea tu? Nusu yake tunamrudishia leo leo."

Hapana, Kiprugut. Hatukuwa tunaongea tu. Na kwa kuwa nikifumba macho kabla gari hilo halijatoka langoni mtabaki mkivutana kama mbwa na mfupa, nitaisimulia bei hii tangu ilipozaliwa, ili kesho asitokee mtu wa kusema mama alikuwa mgonjwa, hesabu zilimshinda.

Ninajua shida zenu, msidhani sizijui. Wewe Kiprugut nyumba yako ya Lanet imesimama kuta bila paa, na kila mvua ikinyesha unapiga simu kuuliza kama huku nako inanyesha, ila najua unachouliza ni kingine. Cheruto, ziwa limewafuata Kihoto mpaka kitandani, na bado mnalipa kodi ya nyumba ambayo samaki wanaijua kuliko mwenye nyumba. Levis anataka zizi lenye sakafu ya saruji. Kila mmoja wenu angeweza kuila ile milioni na laki nne peke yake na asishibe. Ndiyo maana tulikubaliana sote kuuza, maana gari lisilotembea huozea pale pale lilipo, na hakuna hata mmoja wenu anayeweza kulitengeneza jinsi lilivyostahili. Katika kuuza hatukuwa na ugomvi. Ugomvi ulikuja kwenye bei.

Wewe ulikuja na simu yako, ukatuonyesha picha za magari ya watu, hii milioni mbili, hii moja na nusu, na yote yanang'aa kama viatu vya askari siku ya gwaride. Nilikuuliza swali moja tu: hayo yaliuzwa, au bado yanauzwa? Mwanangu, bei ya kuomba si bei ya kulipwa. Mtu anaweza kumwombea kuku wake bei ya ng'ombe, na kuku akazeekea mikononi mwake. Levis ndiye aliyepanda mpaka Molo, akashuka Njoro, akawauliza watu ambao walikwisha kuuza za kwao, za umri mmoja na yetu, pesa ngapi ziliingia mfukoni kwa kweli. Nao walitaja pesa ndogo kuliko za kwenye simu, tena walizitaja kwa sauti ya chini, kama watu wanaotaja umri wa wake zao.

Cheruto naye alisema gari la Baba halina bei. Alisema akilia, akakumbuka siku ile ziwa lilipoingia kwao, baba yenu akatoka hapa Olenguruone kabla ya jua, akashuka bonde lote, akaingia Kihoto maji yakiwa yamefika milangoni mwa Landrova. Mimi nilikuwepo. Tulibeba magodoro, meza, mbuzi, na mama wa jirani ambaye hata jina lake hatukulijua, na kiboko mmoja alisimama penye njia akatutazama kama trafiki anayefikiria atusimamishe au atuachilie. Kosgei akatoa kichwa dirishani akamsalimia, "Habari ya kazi, afande," na tukapita. Nilicheka huku nimeshika rozari. Nani angeweka bei juu ya siku kama hiyo? Lakini sikiliza, binti yangu. Mnunuzi hanunui machozi yetu. Mabati ya kigango chetu yaliyopandishwa huku na gari lile, akina mama waliofikishwa hospitali kabla watoto hawajazaliwa, yote hayo tumeshalipwa, na yamo kwenye daftari la Mungu, si kwenye la Hiram. Anachonunua Hiram ni injini nzuri, chesisi iliyochomelewa kwa nyuma upande wa kushoto kwa sababu ya mabati yale yale ya kanisa, na difu ya nyuma, ile inayozungusha magurudumu, iliyokunywa maji ya Kihoto na ambayo hulia tangu siku hiyo kama mtu mwenye jino bovu. Mapenzi yetu hayaongezwi kwenye bei, na hasira zetu hazipunguzwi humo.

Ndipo Jumapili, baada ya misa, nikaikumbuka sheria ya baba yenu ya mezani. Katika nyumba hii, anayekata nyama huchagua mwisho. Kiprugut, ulipokuwa mdogo ulijaribu mara moja kukata kipande kimoja kinono na viwili vyembamba, dada yako akachukua kinono, ndugu yako akachukua kilichofuata, ukabaki ukinyonya mfupa, na tangu siku hiyo kisu chako kikawa sawa kuliko mizani ya sokoni. Basi nikakuita mbele ya wenzako, nikasema, ukiwa muuzaji, unataka ngapi? Ukajibu bila kupepesa, "Milioni moja na nusu, Mama, na hapo nimewahurumia." Nikasema vema. Sasa hatuuzi nje. Wewe ndiwe unayeinunua kwa bei hiyo hiyo. Wape wenzako sehemu zao, nipe na yangu, uondoke nayo Lanet leo.

Ukaitazama kupitia dirishani, kama vile imeletwa sasa hivi. Kisha ukasema, "Lakini Mama, hii gari si chesisi yake imechomelewa?"

Levis alicheka mpaka chai ikampitia puani. "Kumbe chesisi umeiona leo, boss? Jana ilikuwa inatembea bila?"

Hata wewe ulicheka, usikatae. Nikakuuliza, basi ukiwa mnunuzi utatoa ngapi? Ukasema laki sita, na hiyo ni kwa heshima ya Baba. Nikasema haya, kwa hesabu ya laki sita sisi tunainunua sehemu yako. Ukaruka kitini kama umekalia siafu. "Laki sita? Injini hiyo peke yake si inapita hapo?" Tulienda hivyo mchana kutwa, tunakugeuza kama chapati, sasa muuzaji, sasa mnunuzi, ukipanda ukishuka, Cheruto akishika mbavu, mpaka tukafika mahali ambapo nilikuuliza unanunua au unauza, ukasema, "Mama, yoyote tu." Mahali hapo palikuwa laki nane na nusu. Hapo ndipo nilipopiga meza. Bei ya haki, wanangu, ni ile ambayo ukiisema hujali umesimama upande gani wa boneti. Mtakuwa mkiuza vitu maisha yenu yote, shamba, ng'ombe, hata kazi za mikono yenu. Mkikwama, jigeuzeni.

Sasa nifikie Hiram. Cheruto, niinue kidogo. Hapo panatosha.

Mnaijua hadithi ya ng'ombe wa Hiram, mmelelewa nayo. Miaka mingi iliyopita baba yenu alinunua kwa Hiram ng'ombe mweusi na mweupe, mrefu, kiwele kimejaa, bei nafuu, na Hiram akamsifu tangu pembe hadi mkia. Siku ya pili tukaenda kukamua, kiwele kimenywea. Siku ya tatu vivyo hivyo. Tukashuku jirani, tukashuku nyoka, mpaka Kosgei alipojificha nyuma ya ghala akamwona ng'ombe mwenyewe anageuza shingo, anajinyonya, amefumba macho kwa utamu. Hiram alikuwa anajua, maana mnyama haanzi tabia hiyo kwa kubadilisha boma. Baba yenu hakumpeleka kwa chifu. Alifanya kibaya kuliko hicho. Aliligeuza jambo hilo kuwa methali. Kamati ya maji ilipokula pesa za mabomba, akasimama mkutanoni akasema hiyo kamati ni ng'ombe wa Hiram, na watu wa huku wote, wa kabila letu na la kwake, wakalichukua neno hilo, na hadi leo liko sokoni. Hiram hakukanyaga tena boma hili. Alipokuja mazishini alisimama nje ya ua, kofia mkononi, na nilipomtumia chai akainywa akiwa amesimama huko huko.

Kwa hiyo tuliposikia ni yeye anayetaka gari, kwa ajili ya Wachuka anayenunua viazi mashambani na kuviteremsha Nakuru, nilijua mtakalowaza. Na wewe Kiprugut hukuwaza tu. Ulilala chini ya gari ukaipaka chesisi rangi nyeusi, nyororo kama mafuta ya nywele, ukasema, "Sasa ni zamu yake kukamua kiwele kitupu."

Jana wakaja. Nikawaagiza mnitoe nje na kiti, nivikwe lile gauni langu la kanisani. Hiram amezeeka, magoti yamepinda, lakini alilizunguka gari akipiga tairi teke moja moja, akinusa, akinung'unika kwamba kutu, kwamba kiti kimechanika, kwamba siku hizi spea ni ghali, jinsi wanunuzi wanavyolia wakiwa kwako na kucheka wakifika kwao. Akaja akasimama mbele yangu.

"Mama Kiprugut. Siku nyingi."

"Ni wewe uliyepotea, Hiram. Sisi tuko pale pale."

"Bei?"

"Laki nane na nusu. Haipandi, haishuki."

"Haishuki hata ya soda?"

"Soda nitakununulia mimi."

Akageuka kwa Wachuka, uso umekunjamana. "Twende. Hii gari ina ugonjwa. Mtu hawezi kuanza na bei nzuri hivyo kama hakuna kitu amefunika."

Mnaona alivyoadhibiwa na mkono wake mwenyewe? Mtu aliyewahi kuuza ng'ombe kwa sifa akisikia bei ya kweli husikia mtego. Ndipo nikasema, Kiprugut, ingia chini na bisibisi, umkwaruzie mzee ile rangi yako. Nililiona jicho lako. Lakini uliingia, Mungu akubariki, uliingia na shati lako jeupe, ukakwaruza, na Hiram akapiga magoti kwa shida kuutazama ule mshono wa chuma. Nikamwambia umetokana na nini. Akasema, "Na nini kingine?" Nikamwambia difu inalia, na kwa nini inalia. "Na nini kingine?" Nikasema dirisha la abiria hushuka linapotaka lenyewe, na honi hupiga ukikata kona ya kushoto, tumekwisha kuwasalimia watu wengi tusiowajua. Akakuna kidevu. "Mtu akikutajia makosa madogo madogo hivi, kubwa amelilalia."

Wachuka akachoka. "Baba, sasa ulitaka mama wa watu akudanganye ndio uamini?"

Nami nikamwambia, "Hiram, uliwahi kuja katika nyumba hii na mnyama ukasema mazuri yake yote. Leo mimi nakuonyesha mabaya yote ya gari hili. Kati ya hayo mawili, lipi limekutisha?"

Hiram akaigeuza kofia yake mara kadhaa, akasema kwa sauti ndogo, "Yule ng'ombe. Nilidhani akipata majani mapya ataacha."

"Hakuacha."

"Nilisikia. Nimesikia kila siku ya soko."

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni mimi. Tulicheka mpaka nikaomba maji, na Hiram akaketi chini kwenye nyasi za boma hili, akipangusa macho, na nikaona kwamba neno ambalo Kosgei alilibeba miaka yote hiyo lilikuwa zito pande zote mbili za ua.

Halafu nikasema twende tukalijaribu. Mlikataa, mkataja daktari. Nikasema mkiniacha nitawalaani, na Levis akanibeba kama gunia la mahindi akanipandisha mbele. Wanangu, nimepanda gari lile tangu nikiwa mama kijana, lakini jana ndipo nilipolipanda. Wachuka kwenye usukani, mimi kando yake, Hiram na ninyi huko nyuma mnagongana vichwa, difu inalia, na tulipokata kona ya josho honi ikapiga na mzee Makhanu aliyekuwa akichimba mtaro akatuinulia jembe kwa heshima. Tukafika kwenye kile kilima cha tope jekundu ambacho mvua imekilainisha kama ugali wa uji. Nyuma huko Kiprugut unapiga kelele, "Kanyaga, madam, kanyaga usiachilie." Wachuka hakukanyaga. Alisimamisha gari chini ya kilima, pakavu, akavuta ule mkono mdogo wa gia ya nguvu, taratibu, halafu ndipo akaanza kupanda. Nilihisi nywele zikinisimama. Maana ndivyo Kosgei alivyofanya siku zote, na ndivyo alivyowafundisha na hamkumsikia: tia gia ndogo kabla ya tope, si ndani ya tope. Tukapanda. Gari likatikisika, likateleza kidogo kulia, likajishika, likaendelea kupanda kama mama mjamzito anayekwenda kanisani, haharakishi, harudi nyuma, na tope likiruka mpaka kwenye kioo, na lile dirisha langu likaamua kushuka, nikajazwa matope usoni na kwenye gauni la kanisani, na nilikuwa nikipiga vigelegele kwa sauti ambayo sikujua bado ninayo.

Kule juu Hiram alishuka, akaja upande wangu, akaniona nilivyo na tope, akatoa mkono. "Laki nane na nusu," akasema. "Kosgei angekuwepo, angenitoza zaidi."

"Kosgei angekuambia hayo hayo, na hungemwamini."

"Hilo ni kweli."

Hiyo ndiyo bei, Kiprugut, na hivyo ndivyo ilivyozaliwa. Ilikatwa na kisu chako mwenyewe. Ile milioni na laki nne ya leo asubuhi ni bei ya gari lingine, gari ambalo nilikusikia ukimwambia dalali kwamba chesisi yake haijaguswa tangu kiwandani, na gari hilo halipo uwanjani kwetu. Mtu wa Naivasha anataka kubebea wageni. Atawajaza watu wanane, atawapeleka makorongoni, na siku mshono ule utakapoachia, watauliza gari hili lilitoka wapi. Na hata kama hauachii kamwe, utamwambia nini Wachuka ukikutana naye sokoni? Kila honi utakayoisikia kwenye kona itakusalimia kwa niaba yake. Usitufanye sisi tuwe ng'ombe wa Hiram, tunajinyonya wenyewe jina ambalo baba yenu alilinenepesha miaka yote. Kizuri chajiuza, mwanangu. Na paa la Lanet litafika. Litachelewa, lakini utalala chini yake bila kusikiliza kama kuna mtu anabisha hodi.

Maji, Cheruto. Kidogo tu. Asante.

Sasa maagizo, maana pumzi inakwenda. Kitabu cha gari kiko kwa jina langu. Nikimaliza kusema, Cheruto utanishikia simu nikubali uhamisho kwenda kwa Wachuka, kidole changu bado kina nguvu hiyo. Pesa zikikamilika, toeni kwanza za misa ya baba yenu, halafu Kiprugut utazigawa mafungu matatu. Mimi sitaki fungu. Utagawa wewe, nawe utachagua mwisho, na Cheruto atachagua kwanza kwa sababu maji hayamngoji. Levis, toa koti la baba yako nyuma ya kiti, na ile picha ya Mama Maria iliyobandikwa mbele muulizeni Wachuka; akiitaka, abaki nayo, kule barabarani atamhitaji. Na kwetu ng'ombe akiuzwa, kamba hubaki kwa mwenyewe. Ule ufunguo umefungwa kwa kipande cha ngozi ambacho baba yenu alikisokota. Kifungueni. Mpe Hiram ufunguo mtupu. Kamba iwekwe pale penye rozari yake, ili mjue kwamba tuliuza gari, hatukuuza mwenyewe.

Na mmalize mambo ya ua. Hiram akija kunizika asisimame nje. Mwekeeni kiti ndani, karibu na Kiprugut.

Haya. Kiprugut, mwanangu wa kwanza, simama. Mimi siwezi kuinuka kitanda hiki kukuzuia, na ufunguo uko msumarini pale. Simu unayo mfukoni. Ukiamua kumpigia dalali, mpigie, nami nitakuombea hivyo hivyo, wewe ni wangu. Lakini ukikubali neno langu, nenda ukaiwashe, umpelekee Hiram gari lake sasa hivi, wewe mwenyewe kwa mkono wako, na Levis akufuate na pikipiki akurudishe. Sitaki unijibu. Usiseme kitu. Nenda tu nje.

Ameutwaa ufunguo. Levis, anafanya nini? Hapana, usiniambie. Acha.

Ameiwasha. Mnasikia? Hivyo hivyo, mvua juu ya mabati. Cheruto, usilie, nataka kusikia. Inanguruma pale pale. Inanguruma. Ee Mama Maria, haipandi, haishuki. Jana nilikuwa garini; kuisikia kutoka humu ndani nimesubiri tangu mwezi wa tatu, kikombe kiko mkononi... nishike vizuri, binti yangu.

Hiyo. Umeisikia? Kikohozi cha mzee. Imeingia. Sikia inavyobadilika, inasonga, inafika langoni. Anakata kushoto. Hiyo honi. Hiyo honi, Kosgei.

Levis, mfuate ndugu yako. Nenda na baraka. Mungu awe mbele ya magurudumu yenu na nyuma yake. Mzae watu wakweli. Mvua iwakute mmeshatia gia ndogo. Cheruto, piga magoti hapa nami, mimi nitapiga kwa moyo. Tumwombee baba yako.

Ee Bwana, mwenye njia zote, za lami na za tope, mtumishi wako Kosgei alikuja kwako gari likiwa bado linanguruma, hakupata hata nafasi ya kuaga. Msamehe hasira ya ng'ombe, ilikuwa na utani ndani yake. Kumbuka wale aliowavusha, usiwahesabu aliowaacha njiani. Mpe mahali pa kukaa ambapo hapafurikwi na maji. Umwambie kazi imekamilika. Umwambie gia iliingia. Na mimi... ukiwa unapita... unipandishe... kiti cha mbele... Amina.